Picha za vyumba, bando la mteja

Fungua tovuti ya nyumba ya wageni ya hapa Bagamoyo: kitanda chenye chandarua, mlango wa nakshi, jahazi lililopwelewa, na magofu ya Kaole hayakosi. Picha nzuri, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni jinsi zinavyomfikia mtu aliyeko Dar, yuko kwenye daladala, anatafuta chumba cha wikendi kwa bando la kuhesabu. Kwenye simu yake picha ni ndogo kuliko kiganja, ila faili aliloshushiwa ni la skrini nzima. Analipia kitu asichokiona.

Mafundi wenzangu hujibu, "Mbona WordPress, mfumo unaoendesha tovuti hizi, inajipangia yenyewe?" Inajipangia, tangu toleo la 4.4 la Desemba 2015. Kila picha hutoka na srcset, yaani picha ileile kwa upana wa pikseli 300, 768, 1024 na kuendelea, kivinjari kichague. Tatizo ni kwamba kivinjari huchagua kabla ukurasa haujapangika, hivyo hutegemea kuambiwa na sizes, maelezo mengine yanayoandikwa kwenye picha, itachukua nafasi gani. Na sizes ya WordPress ni ya kubahatisha: inadhani picha itajaza skrini mpaka ifike upana wake. Kwa picha kubwa ya habari, sawa. Kwa vyumba vilivyopangwa viwiliviwili, ni uongo mtupu.

Piga hesabu. Simu ina upana wa pikseli 360 za CSS (lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa), na msongamano wake ni 2, yaani kila moja huchorwa kwa pikseli mbili halisi kwa upana. Ikiambiwa skrini nzima, inahitaji picha ya 720, inachukua ya 768. Ikiambiwa nusu skrini, 360 zinatosha. Upana ukipungua nusu, pikseli zote zinabaki robo.

Hapo ndipo zinapofaa filta, vipande vya kodi vinavyobadilisha kile WordPress inachotoa. Wengi hukimbilia wp_calculate_image_sizes, lakini picha ikitolewa kwa the_post_thumbnail (amri ya kuonyesha picha kuu ya ukurasa), filta hiyo hupewa upana na urefu, haipewi jina la saizi. Mimi napendelea hii, ndani ya faili la functions.php la thimu-mtoto, yaani nyongeza yako juu ya thimu (mwonekano) ya tovuti:

add_image_size( 'kadi', 480 );

add_filter( 'wp_get_attachment_image_attributes', function ( $attr, $picha, $size ) {
    if ( 'kadi' === $size ) {
        $attr['sizes'] = '(max-width: 600px) 50vw, 300px';
    }
    return $attr;
}, 10, 3 );

Kisha kwenye kiolezo cha vyumba uite the_post_thumbnail( 'kadi' ). Hapo 50vw ni nusu ya upana wa skrini, na hizo 300 ni za gridi yangu kwenye kompyuta. Weka za kwako. Saizi ya kadi usiikate kwa uwiano mwingine wa upana na urefu, maana WordPress huweka kwenye srcset picha zenye uwiano mmoja tu. Picha za zamani hazina saizi mpya mpaka uendeshe wp media regenerate, amri ya WP-CLI inayozitengeneza upya.

"Mwanangu, si uniwekee tu plagini?" yaani programu-nyongeza ya WordPress, aliniuliza mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni, na tayari alikuwa nazo za kutosha kufungulia duka. Plagini ya kubana picha hupunguza uzito wa faili, siikatai. Ila haijui kwamba vyumba vyake vinakaa viwili kwa mstari. Anayejua ni fundi aliyeandika CSS, na kazi hiyo ni yake, asimsukumie mteja wala mtandao.

Toleo la 6.7 la WordPress, la Novemba 2024, limesaidia: picha zinazosubiri msomaji ashuke hupewa neno auto mwanzoni mwa sizes, kivinjari kikapima chenyewe. Lakini si kila kivinjari kinaielewa, na picha za juu kabisa, zinazopakiwa mara moja, hazimo.

Ukitaka kuhakikisha, kagua currentSrc ya picha, yaani faili lililochaguliwa, kwenye zana za fundi za kivinjari. Futa kache (akiba ya mafaili kwenye kivinjari) kwanza: Chrome ikikuta picha kubwa imeshahifadhiwa, inaweza kuitumia hiyohiyo, ukadhani filta haijafanya kazi.