Umbali wa Miti Haupimwi kwa Macho

Katika mazizi mengi ya farasi hapa Nairobi, kazi ya kulaza miti ya mazoezi uwanjani na kusimamisha viunzi vya kurukwa huachiwa saisi, yaani mtunza farasi, naye mara nyingi huelekezwa kwa kidole tu: weka pale, sogeza kidogo, basi inatosha. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha, na msimamo wangu ni kwamba umbali usiopimwa haufai kuwekwa mbele ya farasi yeyote, hata pale ambapo mti wenyewe umelala chini na mtoto mdogo anaweza kuuvuka bila kuinua goti.

Hesabu yenyewe si ngumu. Farasi wa kimo cha kawaida anapokwenda shoti ya taratibu, hatua yake moja hukadiriwa kuwa futi 12, yaani takriban mita 3.65, na mtu aliyeizoeza hatua yake iwe ya futi 3, karibu sentimita 90, hupata hatua zake nne kwa moja ya farasi. Baina ya viunzi viwili hutengwa hatua mbili za mtu kwa ajili ya kutua na nyingine mbili kwa ajili ya kuondoka tena, kisha zinazobaki hugawanywa kwa nne. Ndiyo maana hatua nane za mtu, karibu mita 7.3, humpa farasi nafasi ya hatua yake moja katikati, na hatua 16, karibu mita 14.6, humpa nafasi ya hatua tatu.

Tatizo ni hiyo hatua ya mtu. Siku moja nilimkuta jike mwekundu, mwaminifu kuliko farasi wote niliopata kuwapanda, amesimama mbele ya kiunzi cha pili huku akitetemeka mapaja, na mpanda farasi wake akimchapa kwa kuwa eti amekuwa mkaidi. Aliyepanga viunzi alikuwa kijana mrefu, naye aliapa kwamba alihesabu hatua 16, na kweli alizihesabu. Nilipotandaza utepe wa kupimia nikapata mita 16.5, kwa sababu kila hatua yake ilizidi mita moja. Umbali huo ni mrefu mno kwa hatua tatu na mfupi mno kwa nne. Jike yule alikuwa ameshajaribu mara mbili, mara ya kwanza akaruka kutoka mbali na kuugonga mti kwa miguu ya mbele, mara ya pili akajisonga hadi chini ya kiunzi. Mara ya tatu akakataa, na alikuwa na haki. Ilituchukua wiki kadhaa za miti ya chini kabla hajarudi kukikabili kiunzi akiwa amechongoa masikio mbele.

Kwa miti ya chini, mimi humwamini mchanga kuliko jedwali. Kwa mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole kabla ya shoti, naanza na mita 1.3 kati ya mti na mti, napiga reki uwanja mzima, kisha namwomba mwanafunzi apite mara moja. Kwato zikikanyaga katikati ya nafasi, tunaendelea. Zikikaribia mti unaofuata, nafasi ni fupi, na zikibaki nyuma, nafasi ni ndefu. Poni, yaani farasi wa kimo kifupi, huenda akahitaji mita 1.1 tu. Nalaza mti mmoja, au mitatu na zaidi, wala siweki miwili peke yake, kwa kuwa farasi wengi huiona miwili kama kitu kimoja na kuiruka kwa pamoja. Miti ya mviringo naizuia isibingirike, maana kwato ikikanyaga mti unaozunguka, kano inaweza kuumia vibaya.

Zile futi 12 nazo si msahafu. Zinafaa viunzi vya karibu mita moja vinavyofikiwa kwa kasi ya mashindano, takriban mita 350 kwa dakika. Katika uwanja mdogo, kwa kiunzi cha sentimita 60, nafasi ya hatua moja naipunguza hadi mita 6.5 hivi. Farasi waliostaafu mbio za Ngong hunyoosha hatua zao wakiachiwa hatamu, ilhali hao hao, mvua za masika zikishalowesha ardhi, hufupisha mwendo kwa hofu ya kuteleza. Mwinuko hufupisha hatua, mteremko huirefusha, na njia ya kurudi langoni huirefusha vilevile. Marekebisho haya yote yana maana pale tu unapojua ulianzia kipimo gani.

Nyuma ya ghala letu la nyasi tumechora mistari ya chokaa, kila mmoja sentimita 90 kutoka kwa mwenzake, na kila saisi hupita hapo asubuhi akiwa na ndoo zake za maji, akihesabu kwa sauti.