Kufuli limebaki, fundi kasepa
Jamani hii eksteno yangu (diski ya nje) ina picha zote za harusi ya dada, niliifunga kwa TrueCrypt, ile programu ya kufunga mafaili kwa nywila, tangu niko chuo, na jamaa walioitengeneza walishaitelekeza Mei 2014, wakaandika wenyewe kwamba si salama, basi kimyaa, hata majina yao hatuyajui. Ukaguzi wa 2015 haukukuta uchochoro wa makusudi wa kupenyea, sawa, ila we unalalaje hapo?? Dogo mmoja hapa Moshi karibu na stendi ananiambia bro hamia VeraCrypt, programu iliyorithi TrueCrypt, haya nikaweka toleo jipya, kumbe kuanzia 1.26 halifungui tena vitu vya TrueCrypt! Sasa nimeshusha la zamani, 1.25.9, ambalo bado linavifungua, naanza kukopi, imefika asilimia 60 umeme huo ukakata.