Kandambili haikurushwa

Jamani, ile voisi noti ya dakika nne inayozunguka magrupu ya Kigoma tangu juzi, ile inayosimulia nilivyoumbuka na filamu yangu, nikalia, na mzee aliyenikodisha boti akanirushia kandambili, aliyeitoa ni mshika maiki wangu, mtu niliyemlipia nauli na kumlisha wali na migebuka, samaki wa ziwani kwetu, siku tatu. Mengi aliyosema ni kweli. Ila mimi sikulia, na mzee wa boti hakunirushia kandambili. Aliivua tu.

Ile filamu fupi yangu mnaijua, ya mvuvi anayerudi nyumbani akakuta mke kahama. Tukio la mwisho nililitaka mwalo wa Katonga, ufukwe wa wavuvi huku kwetu Ziwa Tanganyika, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Tarehe nilipanga mwenyewe, nikajiona nina akili. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawatoki, maana mwezi ukiwaka dagaa hawana habari na taa za mtu, kwa hiyo maboti yamelala ufukweni na bei inazungumzika. Mwigizaji wangu wa kutoka Dar akaning'ang'ania kwamba jua linazama saa kumi na mbili na nusu, nikamcheka: huku ni magharibi, baba, jua tunalo mpaka karibu saa moja. Kibali cha Bodi ya Filamu ninacho, barua ya mtaa ninayo. Karatasi zote zilikuwa zimenyooka. Kilichopinda ni mimi.

Maana mwongozaji ni mimi, mpiga picha mimi, mtayarishaji mimi, mbeba betri mimi. (Mkiona jina moja limejirudia mara nne mwanzoni mwa filamu, msidhani ni majivuno. Ni njaa.)

Asubuhi tulirekodi ndani, Ujiji, mbele ya kabati la vioo. Ile taa ndogo nyekundu ya kamera, inayowaka ikiwa inarekodi, ikawa inaonekana kwenye kioo, nikaiziba na kipande cha tepu nyeusi. Fundi kabisa! Sikuitoa. Ishikeni hiyo tepu, tutairudia.

Jioni Katonga jua linapiga skrini mpaka naona uso wangu mwenyewe tu. Tukafanya zoezi, nikabonyeza kitufe nirekodi na zoezi lenyewe, huwezi jua. Zoezi likaisha, nikasahau kubonyeza tena. Basi. Kuanzia pale nikiita "kamera!" na kubonyeza, nazima. Nikiita "kata!" na kubonyeza, nawasha. Mara 11.

Na nilikuwa na raha! Kadi ya GB 64 ikajaa, nikamwambia mshika maiki, "Unaona watu wanavyofanya kazi?" Jua likaenda zake Kongo. Sikukagua hata klipu moja, maana mzee alitaka boti lake na mimi nilitaka kula.

Chakula kilikuwa kwake Ujiji. Migebuka ya kukaanga, ugali wa muhogo, majirani wamejaa sebuleni, watoto chini kwenye mkeka. Mke wa mzee kavaa kitenge kipya, kwa sababu kwenye tukio alipita nyuma ya mwigizaji na beseni la dagaa. "Mwanangu, hebu tuonyeshe na sisi hiyo kazi." Mtu mwenye akili hapo angeangalia kwanza peke yake, hata chooni. Mimi nikachomeka waya kwenye runinga, nikakaa kando ya mzee, mkono begani kwake.

Klipu ya kwanza ni lile zoezi. Makofi. Mwishoni mdogo wangu anaingia na kibao, kile cha kugonga "pa!" kila teki inapoanza, anafungua mdomo, kibao hakijalia, giza.

Klipu ya pili: mchanga. Miguu yangu. Mchanga tena. Vichanja vya dagaa vimelala ubavu. Mzee akaniuliza kwa upole, "Ndiyo mitindo ya siku hizi hii?" Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, nilisema ndiyo.

Klipu ya tatu kamera inaning'inia shingoni kwangu. Goti. Mbuzi. Halafu sauti, safi kabisa, ya mtu aliyesimama jirani na maiki ya kamera, yaani mimi: "Huyu mzee boti lake linavuja kama chujio, bei kaweka ya Liemba!"

(Kwa wasio wa huku: Liemba ni meli kubwa ya ziwa letu, Wajerumani waliijenga 1913, ikazamishwa vitani, ikaopolewa, ikarudi kazini. Si ya kutajwa pamoja na boti la mtu.)

Sebule ikanyamaza mpaka nikasikia feni. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Nikaitafuta rimoti kwa macho: ipo mezani, ng'ambo ya bakuli la migebuka, upande wa mzee. Mkono wangu ukaanza kutoka begani kwake, kidole kimoja kimoja, kama mwizi anayerudisha simu mfukoni mwa mwenyewe. Kwenye runinga bado naongea: "Na mkewe mwambieni aache kuitazama kamera, anatabasamu kama yuko kwenye picha ya pasipoti." Mama alikuwa anakuja kwangu na sahani ya pili. Sahani ikasimama. Ikageuka. Ikarudi jikoni.

Mzee hakusema neno. Aliinama, akavua kandambili ya kulia, akaiweka mapajani, akaendelea kutazama. Zilikuwa zimebaki klipu tisa.

Mshika maiki anatamba kwa sababu kinasa sauti chake kilikuwa kinajitegemea. Kila kitu anacho: mawimbi, kilio, kibao mara 11. Nina filamu nzuri sana ya redioni.

Nimeomba radhi, nimekopa, na jana tumerudia kabla mbalamwezi haijaisha. Bei safari hii ilikuwa ya Liemba kweli. Tepu nimeibandua, skrini naitazama nikiwa nimejifunika kitenge kichwani, na kibao hakipigwi mpaka nisome kwa sauti sekunde zinavyokwenda. Mzee kaketi nyuma yangu siku nzima, kila teki ananiuliza, "Mwanangu, namba zinatembea?"

Zimetembea. Usiku nimezikagua klipu zote, peke yangu, mlango nimefunga. Jua lipo, boti lipo, machozi yapo. Na nyuma ya mwigizaji yupo mama na beseni lake, anaitazama kamera moja kwa moja mwanzo mpaka mwisho, na hatabasamu hata kidogo.