Muhogo wa Leicester

Jumamosi iliyopita, Belgrave Road hapa Leicester, Uingereza, niliagiza sahani ya mogo. Ilikuja ikifuka moshi: vipande vya muhogo vilivyochemshwa kisha vikakaangwa, vikanyunyiziwa pilipili nyekundu na ndimu, na kando kibakuli cha chatini ya ukwaju. Kijana aliyenihudumia hakujua kwamba mogo ni muhogo wetu uleule. Kwake ni chakula cha nyumbani, na nyumbani kwake ni Leicester.

Ndugu zangu wakinipigia simu huniuliza tunakula nini huku, maana Waingereza hawana chakula, wanachemsha tu. Kauli hiyo inaniuma, kwa sababu najua ilikotoka.

Jirani yangu ni bibi aliyezaliwa mwaka 1941. Mgao wa chakula wa Vita vya Pili vya Dunia ulianza Januari 1940, ukaja kwisha Julai 1954 nyama ilipoachiwa. Yaani alitimiza miaka 13 kabla mama yake hajaweza kuingia buchani na kununua kipande anachotaka. Siagi kwa wiki ilikuwa kama gramu 57 kwa mtu mzima, yai moja, na chai ya kupimiwa. Mkate wenyewe, ambao vita haikuugusa, uliwekwa kwenye mgao vita vilipokwisha, kuanzia 1946 hadi 1948. Maziwa yalielekezwa kwenye jibini ya aina moja ya serikali, na mashamba mengi yaliyokuwa yakitengeneza jibini yao ya asili hayakurudi tena kazini. Wazazi wetu waliopanga foleni ya sukari na kula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, mwanzoni mwa miaka ya 1980 watanielewa. Kizazi kizima kilijifunza kupika kwa kubana, na ulimwengu ukakipima kwa hicho.

Na kabla ya hapo? Kitabu cha mapishi cha Mwingereza Hannah Glasse, cha mwaka 1747, tayari kina mchuzi wa kari. Samaki wa kukaanga kwa unga walifika na Wayahudi waliotoka Ureno na Hispania, viazi vilitoka Amerika Kusini, na viwili hivyo vikakutana kwenye maduka ya miaka ya 1860. London na Lancashire wanagombea hadi leo nani alianza. Chai yao ni majani ya China, kisha ya Assam, India, leo mengi ya Kenya. Sukari waliyoizoelea ililimwa na watumwa wa Karibi, na hilo halisafishiki kwa kuliita utamaduni.

Ndiyo maana sina shida na Robin Cook, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliposema Aprili 2001 kwamba kuku wa tikka masala ni chakula cha kweli cha taifa la Uingereza. Alieleza kwamba tikka ni ya Kihindi, ila mchuzi uliongezwa kwa kuwa Mwingereza hupenda nyama yenye rojo. Ninachokikosa katika maneno hayo ni wapishi. Migahawa mingi ya kari nchini hapa imeendeshwa na watu wa Sylhet, Bangladesh, waliosimama jikoni hadi usiku wa manane wakiwapikia watu ambao wengine wao waliwatukana.

Leicester inalijua hilo. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, halmashauri ya mji huu ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Walikuja hata hivyo, na mogo wao. Leo mtaa wa Belgrave Road unaitwa Golden Mile na mji unawaelekeza wageni huko.

Sisi wenye sambusa, chapati na biriani, tunaokula ugali wa mahindi yaliyovuka bahari kutoka Amerika, hatuna sababu ya kuwauliza Waingereza kipi hasa ni chao.

Mwezi wa tisa bibi yule aliniletea crumble ya matufaha ya bustanini kwake, unga uliosuguliwa na siagi juu yake ukiwa umekauka vizuri, wa rangi ya dhahabu. Hiyo Jumamosi nikambebea mogo. Alionja kipande kimoja, akanyamaza, akanyanyuka kwenda kabatini. Alirudi na chupa ya siki, akainyunyiza sahani nzima kama anavyofanya kwa chipsi.