Saa saba na nusu mchana mtoto kashatoka shule, sasa bosi umwambie nini?

Watu wa nyumbani wakinipigia simu swali la kwanza ni baridi. Wanadhani kulea watoto Ayalandi shida yake ni baridi. Baridi unanunua koti inaisha, hata mvua ya hapa kwetu Cork, kusini mwa nchi, nimeshafanya nayo urafiki, siku hizi naanika nguo nje huku mawingu nayaona kabisa, ikinyesha naanua, ikikatika naanika tena, kama majirani zangu wote. Kilichonishinda mimi ni ratiba ya shule.

Iko hivi. Mtoto huku anaanza shule ya msingi na miaka minne au mitano, sheria inakulazimisha akifika sita lakini hakuna mtu anayesubiri mpaka huko. Madarasa mawili ya mwanzo wanayaita Junior Infants na Senior Infants, na hao wadogo siku yao ya shule ni masaa 4 na dakika 40 basi, wakubwa wanaongezewa saa moja. Sasa mimi ninao wawili. Wanaingia wote saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, mdogo anatoka saa saba na nusu, mkubwa anatoka saa nane na nusu, shule hiyohiyo, geti hilohilo. Lile lisaa la katikati ni la nani? Kurudi nyumbani ukaanza kupika haiwezekani maana utaacha sufuria jikoni ukimbie tena, kwenda mjini ndo usiseme parking, kwahiyo unakaa kwenye gari na mtoto anayemwaga makombo ya biskuti kwenye siti na kukuuliza kwa nini ng'ombe hawavai viatu.

Na kabla hajafika huko kuna chekechea inayolipiwa na serikali, nashukuru sana nisije nikaonekana sina shukrani maana najua ada za chekechea Dar zilivyo. Lakini ni masaa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 38 kwa mwaka. Masaa matatu! Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye makao, shifti yetu ni masaa 12, sasa hizo tatu nizichomeke wapi. Halafu likizo. Julai na Agosti nzima wako nyumbani, Krismasi wiki mbili, Pasaka wiki mbili, na Oktoba na Februari wanapumzika tena, sijui wamechoka nini. Shule ya msingi inatakiwa kufunguliwa siku mia na themanini na kitu kwa mwaka, ukipiga hesabu ni kama nusu ya mwaka, nusu nyingine mtoto yuko na wewe. Kiangazi kuna kambi za GAA, chama cha michezo ya asili ya huku, ambazo watoto wanacheza hurling (mchezo wa fimbo na mpira mdogo) na mpira wa Kiayalandi wiki nzima, wanazipenda mno, ila zinaanza saa nne asubuhi zinaisha saa nane na nusu na ni za kuanzia miaka 6. Wa miaka minne mpeleke kwa nani? Kwa bibi.

Ndo nifike hapo kwa bibi. Ukisimama geti la shule hapa kwetu saa saba na nusu angalia nani wamekuja kuchukua watoto. Mabibi. Mabibi na mababu, na kina mama wanaofanya kazi nusu siku, na mimi nikiwa off. Mama mkwe wangu ana miaka sabini na kitu, goti moja limekataa, na ndiye anayefanya mimi niweze kwenda kazini. Yani fikiria hili jambo maana mimi huwa linanijia nikiwa namsaidia mzee wa watu kuoga: nalipwa mshahara kutunza mama za watu wengine, wakati mama wa mume wangu anatunza watoto wangu bure, na kwenye hesabu za nchi mimi ndo nafanya kazi, yeye "amestaafu".

Kustaafu kwenyewe ana hadithi yake. Alikuwa karani kwenye ofisi ya serikali, msichana wa Cork ana mshahara wake, ana baiskeli yake. Akaolewa 1972. Enzi hizo mwanamke akiolewa anatoka kazini serikalini, siyo kwa kupenda, ndo ilikuwa sheria. Sheria yenyewe ikafutwa 1973. Angevuta vuta harusi mwaka mmoja tu! Nilimwambia hivyo siku moja, akacheka mpaka akaweka kikombe chini, akasema baba mkwe wako asingesubiri, alikuwa na njaa. (Chai anayokunywa ni Barry's, fahari ya Cork nzima, na mle ndani kuna majani ya Kenya na Rwanda, nikimkumbusha anasema basi tumeshakuwa ndugu zamani.)

Hata posho ya watoto, hii ambayo siku hizi ni yuro 140 kwa kila mtoto na inaingia Jumanne ya kwanza ya mwezi, ilipoanzishwa mwaka 1944 ilikuwa inalipwa kwa baba. Mama ndo anamnyonyesha, mama ndo anajua viatu vimebana, hela anapewa baba. Ilibidi mpaka 1974 ndo ikahamishiwa kwa mama. Mama mkwe alipata mtoto wake wa kwanza wakati huohuo na anasema ile hela ya posta ndo ilikuwa hela pekee yenye jina lake, na mimi namwelewa sana, Jumanne hiyo na mimi huwa natembea kifua mbele.

Sasa katiba ya huku ya mwaka 1937 ina kifungu kinasema kwamba mwanamke kwa maisha yake ya nyumbani anaipa nchi msaada ambao bila huo mambo hayaendi, na kwamba serikali ijitahidi ili kina mama wasilazimike na shida ya hela kwenda kufanya kazi mpaka wakaacha majukumu yao ya nyumbani. Tarehe 8 Machi 2024, siku ya wanawake duniani kabisa, tukaitwa kupiga kura kukifuta na kuweka maneno mengine kuhusu watu wa familia kutunzana. Mimi pasipoti ya huku ninayo kwahiyo nilipiga. Tulienda gari moja na mama mkwe, mimi nikapiga ndiyo, yeye akapiga hapana, tukarudi tukiwa tumefutana, petroli ya bure. Ndiyo yangu ilipigwa chini vibaya, hapana ilipata karibu asilimia 74.

Watu wa mbali wakaona hao Waayalandi bado wanataka mwanamke akae jikoni. Si kweli, au tuseme si kwa wengi ninaowajua. Mama mkwe alisema yale maneno mapya yanasema serikali "itajitahidi" kuwasaidia wanaotunza, na yeye ameshaishi na kujitahidi kwa serikali tangu 1937 ilhali hata hajazaliwa. Watu wenye ulemavu na wanaotunza ndugu wagonjwa wengi walilalamikia hilohilo. Mimi bado naona kile kifungu cha zamani kingefutwa tu, nasoma kile naona aibu mbele ya binti yangu. Lakini kwenye jambo moja bibi alinishinda hoja, alisema futeni msifute, shule bado inafunga saa saba na nusu.

Na ndo ninachotaka kusema leo. Ratiba ile ilipangwa na mtu ambaye alijua kwamba nyumbani kuna mwanamke, na hajatokea mtu wa kuibadilisha kwa sababu mwanamke bado yupo, ila sasa ni bibi, au ni mama aliyekataa kupandishwa cheo kwa sababu cheo kina mitingi ya saa nane. Kwetu pia tunaegemea wanawake hivyohivyo, tusijidanganye, dada wa kazi aliyetoka kijijini na yeye ana mama yake anayelea mtoto wake kule, sema kwetu angalau hakuna anayejifanya nyumba inajiendesha yenyewe. Huku unaambiwa usawa upo, halafu inakuja meseji ya shule kesho tunafunga.

Januari 2025 ilipokuja ile tufani Éowyn, nchi nzima ikawekwa onyo jekundu, shule zote zikafungwa, nyumba na biashara zaidi ya laki saba zikakosa umeme. Sawa kabisa, upepo ule haukuwa wa kutoa mtoto nje. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo lile grupu la WhatsApp la darasa ungeliona, wanaoulizana nani yuko nyumbani, nani ana jiko la gesi, nani amchukue mtoto wa nesi, wote ni kina mama. Kina baba wamo kwenye grupu, watatu, wanaweka dole gumba.

Halafu tarehe 6 Januari hapa Cork ni Nollaig na mBan, Krismasi ya wanawake, wanaume wanabaki na vyombo na watoto, wanawake tunatoka kula na kunywa. Naipenda sana na mwakani naenda tena, mama mkwe huwa anavaa hereni. Siku moja kwenye mwaka.

Mimi ningekuwa na uwezo ningeanza na kitu kidogo tu, wale wadogo nao wabaki mpaka saa nane na nusu, saa ya mwisho wachezeshwe tu hata wasifundishwe kitu, na anayewachezesha alipwe vizuri. Mama mkwe hataki kusikia. Anasema mtoto wa miaka minne saa nane atakuwa ameshalala kwenye dawati, na halafu kwa sauti ndogo anasema ile saa ya kukaa naye kwenye gari ndo anayoipenda kuliko zote. Sawa mama, lakini goti?