Guangzhou na watoto: hesabu iliyomsahau mama

Jirani yangu hapa Chikongola, Mtwara, mwalimu wa chuo, amepata ufadhili wa serikali ya China kwenda kusomea uzamivu Guangzhou. Ana watoto wawili, wa miaka mitatu na sita. Tangu habari itoke, barazani kwake hakuna mazungumzo mengine: awachukue wote, au atangulie peke yake?

Wanaosema awachukue hawasemi ovyo. Yule mdogo akiingia chekechea huko, Kichina atakiokota akicheza, kama alivyookota Kimakonde kwa bibi yake. Jiji lina watu zaidi ya milioni 18, lakini treni za chini ya ardhi zinakufikisha karibu kila pembe. Muislamu naye hapotei: upo msikiti wa Huaisheng, wa karne nyingi, na mtaa wa Xiaobei una migahawa ya Wachina Waislamu. Na wale wanaodhani China yote ni barafu, kiangazi cha Guangzhou kina joto na unyevu ambao mtu wa Mtwara ataujua akishuka tu kwenye ndege.

Wa miaka sita ndiye mwenye kazi. Huko nako darasa la kwanza huanza umri huohuo, muhula ukifunguliwa Septemba. Ataketi darasani bila neno hata moja, ajifunze kuchora herufi mamia kwa mamia, kisha baada ya miaka mitatu au minne arudi Mtwara kwenye shule ya Kiswahili akiwa hajawahi kuandika insha hata moja ya Kiswahili. Shule za kimataifa zipo, ila tuwe wakweli: posho ya mwanafunzi wa uzamivu katika ufadhili ule ni yuan 3,500 kwa mwezi, na imepigiwa hesabu ya mtu mmoja. Haijui kama una mke.

Bibi yao ana hoja yake. Akimaliza isha, saa mbili usiku, ndipo hupenda kusikia sauti za wajukuu. Saa hiyo Guangzhou ni saa saba usiku, watoto wamelala fofofo. WhatsApp nayo China imefungwa, kwa hiyo itabidi afundishwe WeChat. "Mimi simu ya kupokea tu ndiyo naijua," alisema, akaendelea kumenya ming'oko.

Yote hayo yana dawa, kwa maoni yangu. Mtoto anazoea, bibi atafundishwa, na hata kuripoti polisi ndani ya saa 24 baada ya kufika ni usumbufu wa siku moja. Jambo ambalo barazani hawaligusi ni viza ya mama. Mume anaingia kwa X1, ya masomo. Mke na watoto wanafuata kwa S1, ya familia, na mwenye S1 haruhusiwi kuajiriwa. Mke wa jirani yangu anauza samaki wa kukaanga na vitenge, na miezi ambayo mshahara wa mumewe umechelewa, ada na umeme vimetoka kwenye karai lile. Huko atakaa ghorofani kutwa na watoto wawili, bila lugha, bila shoga wa kumshikia mtoto dakika tano, akisubiri sehemu yake kwenye yuan 3,500.

Ningekuwa mimi ningetangulia mwaka mmoja, nijue kodi ya nyumba na chekechea ya karibu, ndipo niwaite. Najua gharama yake: mwaka kwa mtoto wa miaka mitatu ni mrefu, baba anaweza kurudi akaitwa mjomba. Bado naona ni nafuu kuliko kulifunga karai kwa ahadi.

Mke mwenyewe hajajibu. Amesema kikoba chao kinavunjwa Desemba, na mpaka hapo hataki kusikia habari za pasipoti.