Karafuu Inanukia, Ukoga Uko Pale Pale

Juzi nilikuwa Wete kwa shangazi. Asubuhi kabla ya chai namwona ameinama uani karibu na pipa la maji, kata ya maji mkono wa kushoto, msuwaki wa kulia. Akatema. Povu lilikuwa na wekundu. Nikamuuliza, "Shangazi, damu hiyo?" Akanijibu kama anayeitikia salamu: "Fizi hizo, mwanangu, miaka. Lakini sasa nimepata dawa yenyewe." Akanionyesha kiboksi cha dawa ya msuwaki.

Kiboksi kizuri, nisikidhulumu. Kimechorwa shada la karafuu mbichi, kimeandikwa "asilia", na chini yake, kwa herufi kubwa na fahari tele: haina floraidi. Haina floraidi, kile kinacholikinga jino! Yaani muuza mwavuli anajisifu kwamba wake haukutiwa kitambaa. Na bei yake mara tatu ya ile ya kawaida ya dukani. Kaletewa kutoka Darajani, Unguja, kwa boti, kama mgeni wa heshima.

Mimi ni Mpemba. Nimeanika karafuu kwenye majamvi tangu sijaota meno ya pili, nimechambua makonyo, vile vikonyo vyake, hadi vidole vikapiga weusi, na harufu ya kile kiwanda cha mafuta ya makonyo pale Wawi naijua hata nikifumba macho. Kwa hivyo karafuu sifundishwi. Ndani ya mafuta yake mna kitu kinaitwa yujenoli, kinatia ganzi kweli, na kinaua vijidudu pia. Daktari wa meno huyachanganya mafuta hayo na unga wa zinki oksidi akazibia jino kwa muda. Ile harufu inayokupokea mlangoni kwake ni ya kwetu.

Sasa hapo ndipo panaponikera. Karafuu inanyamazisha. Jino linauma, unatia kipamba chenye mafuta, linatulia, unalala na unamuombea dua aliyekuelekeza. Tundu halijalala. Na fizi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu nyingi hutoka damu bila ya kuuma hata kidogo. Mtu anapiga msuwaki, kinywa kinanukia kama ghala la karafuu msimu wa mavuno, anaamini kimepona. Kumbe ukoga uko pale pale, umejibanza kwenye shina la jino.

Ukoga si uchafu wa chakula kama tulivyoambiwa skuli. Jioni pitisha ukucha pale jino linapoingia kwenye ufizi, utatoka na kitu cheupe, laini, kinanata. Hivyo ni vijidudu hai, makundi kwa makundi, vimejijengea utando wao. Ukila kashata navyo vinakula, halafu vinatoa tindikali inayolitafuna jino. Vikikaa ukingoni mwa ufizi, ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, ukiguswa tu unatoka damu. Ukiviacha siku chache, madini ya mate yanavigandisha vinakuwa ugaga, jiwe kabisa. Hapo hakuna dawa ya msuwaki, ya karafuu wala ya dhahabu, itakayoubandua. Ni daktari na kile chuma chake chenye ncha. Ukizidi kungoja, maradhi yanateremka chini, yanakula mfupa unaoshika jino, na mfupa huo ukishaliwa haurudi.

Kinachoondoa ukoga ukiwa bado laini ni nyuzi za msuwaki. Nyuzi! Kolgeti, maana sisi zote tunaziita hivyo, ni msaidizi tu. Mna unga wa kusugulia, mara nyingi chokaa laini au silika. Mna kitu cha kutoa povu, ambacho baadhi ya watu kinawatia vidonda mdomoni. Mna utamu na harufu. Hivyo vyote ni mapambo ukilinganisha na floraidi, inayolipa jino nguvu ya kuhimili ile tindikali. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Hiyo ndiyo ambayo kiboksi cha shangazi kinajisifu haimo.

Haya, mtaniambia floraidi inaharibu meno, mtazameni watu wa Arusha. Kweli, kuna maeneo ya kule maji ya ardhini yana floraidi nyingi, na anayeyanywa tangu mtoto meno yake yanapiga kahawia. Lakini hayo ni maji ya kunywa kutwa kucha. Dawa unaitema. Mtoto mdogo mtilie kiasi cha punje ya mchele, basi.

Niseme na hili, floraidi peke yake si dawa kubwa ya fizi. Ziko dawa zenye zinki, au zenye floraidi ya bati, zinazovipunguza hivyo vijidudu, na fizi zinapata nafuu kidogo. Kidogo.

Na ule mstari wa rangi mkiani mwa tyubu, kijani ni asilia na mweusi ni kemikali? Ni alama ya mashine ya kiwandani ijue pa kukata. Acheni kunitumia ujumbe huo.

Msuwaki wa mti, ule unaouzwa milangoni mwa misikiti, siusemi vibaya, ni Sunna na unasugua kweli mtu akiutafuna vizuri na kuufikisha hadi magego ya nyuma. Wengi wetu tunasugua meno manne ya mbele tukiwa njiani.

Basi shangazi nikamkokota hospitali. Akakwanguliwa ugaga, vipande vya rangi ya udongo vinadondoka kwenye kisahani. Nikamnunulia msuwaki laini na dawa ya kawaida yenye floraidi, nikamkalisha kibarazani nikamwonyesha kuulaza kwenye ukingo wa ufizi na kusugua taratibu, asubuhi na kabla ya kulala, hata siku ambazo damu inamtisha. Akitema asisukutue sana, dawa ibaki. Akakubali, kwa sharti kwamba ile ya karafuu ataendelea nayo mchana.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu. Damu imekata. Mtaa mzima umeshaambiwa ni karafuu, na jirani yake ameniachia hela nimletee viboksi viwili nikipita Darajani.